Nyumba ya Amerika kwa Jina la Bibi

Kwanza mniwie radhi. Mwandiko wangu unalala upande, na baadhi ya maneno huenda nimeyakosea herufi. Skuli niliishia darasa la saba, Unguja. Tulipohamia Maskati niliona haya kukaa darasani na watoto wadogo nianze Kiarabu upya, kwa hivyo nikabaki nyumbani. Naandika polepole, nafuta, naandika tena. Lakini jambo hili limenikaa kichwani miaka, na kila nikijaribu kumhadithia mtu kwa mdomo natahayari katikati nikanyamaza. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Ni habari ya kodi. Nataka kueleza namna bibi yangu mzaa mama, ambaye ndege aliyoipanda ni ile moja iliyotuleta kutoka Unguja, alivyoingia katika hesabu za serikali mbili za Amerika kwa sababu tu siku moja atakufa.

Babu yangu alifariki Unguja katika miaka ya tisini. Aliacha nyumba moja na warithi wengi, kwa sababu alikuwa na watoto wengine kwa mke wake wa mwanzo. Nyumba ya mawe haigawiki kama mkate. Ikauzwa, kila mtu akapewa fungu lake, na Bibi akapata thumni, yaani sehemu moja katika nane, ambayo ndiyo haki ya mke mwenye watoto. Hakulalamika, kwa sababu sheria ile ni ya Mungu. Lakini nilikuwepo siku alipotoka mle. Alibeba birika lake la kahawa mwenyewe, hakutaka mtu amshikie, na alipofika barazani akarudi ndani mara moja, eti kaacha kitu. Alitoka mikono mitupu.

Mjomba wangu, mwanawe wa kiume wa pekee, alikuwa Amerika tangu ujana. Ana maduka mawili madogo ambako watu huenda kufua nguo kwa mashine, wakitia sarafu. Habari ya mama yake kutoka nyumbani ilimuuma sana. Haukupita muda akanunua nyumba kuukuu huko, ya mbao, paa linavuja, kwa fedha taslimu, akaitengeneza mwenyewe na kuingia na mkewe na watoto. Kwenye hati akaandika jina la mama yake. Hakuandika lake na la mama kwa pamoja. Aliandika la mama peke yake.

Kwetu hilo si la ajabu. Mtoto aliyejaliwa humwandikia mama yake, ndiyo heshima, na ndiyo namna ya kutafuta radhi zake. Mjomba alipopiga simu alisema, "Mama, hakuna atakayekutoa tena. Una nyumba yako." Kisha akatuma picha. Nyumba nyeupe, mlango mwekundu, na mbele yake mti mkubwa usio na jani hata moja. Bibi akaitazama muda mrefu akasema, "Nyumba nzuri. Mti umekufa, mwambieni aukate usije ukawaangukia watoto."

Tulipohamia Maskati picha ilikuja nasi. Tulikaa Mawaleh, si mbali na soko la mboga, katika nyumba ya baba yangu. Baba ni mtu mpole na alimpenda mkwewe, lakini Bibi hakusahau hata siku moja kwamba nyumba ile ni ya mkwe. Akitaka kuhamisha kiti huuliza. Akitaka kupigilia msumari huuliza. Msumari mmoja tu aliuomba, wa ile picha, na baba akampigilia juu ya kitanda chake, katika chumba tulichokuwa tukilala mimi na yeye. Wageni wakija, mazungumzo yakifika kwenye viwanja na majumba, Bibi alikuwa akisema taratibu, huku anamimina kahawa, "Mie yangu iko Amerika."

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili mjomba akaja. Tulifurahi, lakini kuanzia siku ya pili niliona hayuko sawa. Asubuhi anamuuliza Bibi, "Mama, presha umepima?" Mchana, "Mama, moyo hauendi mbio?" Jioni anamtazama anavyopanda ngazi. Akamnunulia viatu vya kutembelea, dawa za nguvu, mto wa kulalia shingo. Bibi alivipokea vyote, na usiku baada ya sala akawa anaomba dua ndefu kuliko kawaida.

Mimi naona haya kuuliza watu maswali usoni. Lakini ndani ya gari mtu hutazama mbele, na wewe pia unatazama mbele. Siku moja mjomba alinichukua sokoni kununua vitunguu na ndimu. Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza, "Mjomba, Bibi ana nini?"

"Bibi yako hana kitu. Mzima kuliko mimi."

"Basi wewe una nini?"

Akapita kwanza mzunguko wa barabara. Kisha akasema, "Nna kodi."

Ndipo akanieleza, na mimi nikaendelea kuuliza, kwa sababu sikupata kusikia jambo kama lile. Huko, alisema, mtu akifa na mali yake ikizidi kiwango fulani, serikali kuu ya nchi nzima inachukua sehemu kabla warithi hawajagusa. Na baadhi ya majimbo yana kodi yao wenyewe, mbali na ile. Mwenyeji wa kule anasamehewa kiwango kikubwa, hata watu wengi hawaioni kodi hii maisha yao yote. Lakini mtu wa nje, asiyekaa kule, akifa ana nyumba kule, anachosamehewa ni kidogo sana. Yeye hakulijua hilo. Alikwenda kwa wakili kwa shughuli ya maduka yake, wakaingia kwenye habari ya nyumba, na wakili akauliza, "Huyu kwenye hati ni nani?"

"Kwa hivyo Bibi ni mgeni?" nikauliza.

"Mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Na siku ikifika, mimi sina fedha za kulipa serikali mbili. Itabidi niiuze nyumba ili niilipie kodi. Watoto wangu watatoka."

"Kama alivyotoka Bibi."

Akaongeza mwendo. Nikaona nimesema vibaya, nikatafuta jingine la kuuliza. "Hiyo kodi itakuwepo siku zote?"

Akasema wametunga sheria mpya: itapungua mwaka hadi mwaka, halafu kuna mwaka mmoja ya serikali kuu haitakuwepo kabisa, halafu mwaka unaofuata itarudi.

"Basi matajiri wote watakufa mwaka huo," nikasema.

Mjomba alicheka mpaka akaigusa honi, na mwenye lori la matikiti mbele yetu akatoa mkono dirishani akatutukana kwa lugha nisiyoijua. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu ashuke uwanja wa ndege.

"Kwa nini humwambii?" nikauliza.

"Nitamwambiaje? Mama, nirudishie nyumba, maana naona utakufa? Nimwambie hivyo, mama yangu mzazi?"

Hilo nililielewa. Kwetu ukimtajia mtu mirathi yake naye yu hai, huwa kama umemhesabia siku. Mjomba alivuka bahari nzima kuja kusema jambo moja, na wiki nzima akaishia kuuliza presha.

Ijumaa wanaume walirudi msikitini, tukala pilau, sahani zikaondolewa. Bibi akasema, "Mwanangu, njoo ukae hapa karibu yangu. Na nyote bakini, hapana siri."

Mjomba akakaa.

"Mie nishajua," Bibi akasema. "Wewe niambie tu. Ni moyo, au ni yale maradhi yenyewe?"

"Maradhi gani, Mama?"

"Hayo uloyajia kuniaga."

"Nani? Mimi? Mama, mimi mzima!"

"Mzima! Mtu mzima anamuuliza mwenzake presha mara tatu kwa siku? Nnakuombea dua usiku kucha, magoti yanauma, kumbe mzima?"

Mama yangu akaanza kulia, maana na yeye alikuwa amekwisha kuamini kaka yake ni mgonjwa. Baba akamwambia mjomba, "Sema, yakhe, utatuua sote." Basi mjomba akasema. Alisema huku anatazama zulia, akiyazungusha maneno, "siku moja, Mungu apishe mbali," na "ikitokea, si kwamba itatokea," mpaka Bibi akamkatiza.

"Nikifa. Sema nikifa."

"Ukifa, Mama, serikali mbili zitaitoza nyumba kodi."

"Mbili?"

"Ya jimbo na ya nchi nzima. Kama kwetu, ya Visiwani na ya Muungano."

"Na zote zataka?"

"Zote."

Bibi akalifikiri. "Zilijenga?"

"Hapana."

"Zilipaka rangi? Zilikuja siku paa linavuja?"

"Hapana, Mama."

"Zina nasaba na mie?"

"Hazina."

"Basi zarithi kwa njia gani? Si mume, si mtoto, si ndugu wa baba." Akamgeukia baba yangu. "Weye umesoma fungu la serikali katika mirathi?"

Baba akasema hakulisoma, akauziba mdomo kwa kilemba chake ili asicheke. Mama akapangusa macho akasema, "Mimi na nyumba ya kaka sina haja. Langu nimesamehe."

"Yallah!" Bibi akamruka. "Hata mafua sina, na huyu keshasamehe!"

Kisha akasimama. "Wanionea haya kunitajia kufa, eti? Njooni."

Tukamfuata chumbani. Akavuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda akalifungua. Mimi nilikuwa nikilijua, wengine hawakulijua. Juu kulikuwa na sanda yake, imekunjwa vizuri, aliyoinunua alipokwenda hija kwa basi kutoka Maskati. Kando yake kafuri, udi, na kichupa cha maji ya waridi. Chini yake wasiya wake, umeandikwa na kushuhudiwa na watu wawili tangu tuko Unguja, na ukaandikwa upya Maskati. Kwetu hiyo ni kawaida, mtu mwenye kitu hulala na wasiya wake karibu, hata kama ni kijana. Mjomba alikuwa ameondoka mdogo, akaisahau. Aliitazama sanda, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu.

"Mie nimejipanga kabla yako na kabla ya wakili wako," Bibi akasema. "Sasa skiza shida yangu. Thuluthi ya mali yangu nimeiusia. Kuna hija ya mama yangu, hakujaaliwa kwenda, nataka ahijiwe. Kuna ndugu wasorithi, na wajukuu wangu kwa binti yangu, na huyu humo." Akaninyooshea kidole, nikatazama chini. "Vyote hivyo vimekaa juu ya nyumba yako ile. Nikikupa bure, wasiya wangu utakaa juu ya kitu gani? Juu ya birika?"

Mjomba akauvuta mkoba wake karibu. Alikuwa amekuja na karatasi za hiba mkobani, yaani za kumfanya Bibi amrudishie nyumba kama zawadi, na hakuzitoa.

Siku zilizofuata Bibi hakutania. Alikuwa akikaa kitandani anaitazama picha. Mimi nilikuwa nikikunja nguo, sikumuuliza kitu, akaanza mwenyewe.

"Nilitolewa nyumba moja kwa kufa mtu. Sitaki watoto wa mjomba wako watolewe kwa kufa kwangu mie. Hilo ndilo la kwanza. Lakini nikitia saini, mie n'takuwa mwenye nyumba wapi? Hapa nakaa kwa hisani. Baba yako mwema, Mungu ampe umri, lakini kwa hisani."

Nilitaka kumwambia hapa ni kwake. Sikusema, kwa sababu nilikumbuka msumari.

Mjomba alimpigia simu wakili wake akamweleza yote, hata ya hija. Alirudi sebuleni uso umebadilika. Kumbe hata zile karatasi za hiba zingemwingiza shimoni. Wakili, alipofikiri tena, alimwambia mtu wa nje akigawa nyumba ya kule bure naye bado hai, hiyo nayo ina kodi yake. Kilicho salama ni Bibi auze. Auze kwa bei ya kweli, iliyopimwa na mthamini, fedha zitoke kwa mwana ziingie kwa mama. Bibi akishakuwa hana nyumba Amerika, na fedha ziko Maskati, serikali zile hazitakuwa na la kumuuliza siku hiyo ikifika.

"Kwa hivyo nikuuzie mwanangu nyumba uloinunua mwenyewe?" Bibi akauliza.

"Ndiyo, Mama. Bei ya watu baki. Wakili asema tusifanyiane udugu."

"Fedha unazo?"

"Nitauza duka moja la kufulia. Mnunuzi yupo. Afadhali niuze duka leo kuliko watoto wauze nyumba kesho."

Bibi akatikisa kichwa taratibu. Nikaona kuna kitu kinamrudia usoni. Zamani Unguja alikuwa akiuza vitambaa vya mapazia na vijaluba vya udi, na wanawake walikuwa wakimwogopa kwa bei.

"Kuuza najua," akasema. "Lakini siuzi kitu sijakiona."

"Mama, Amerika mbali, na viza…"

"Nani kakwambia nataka viza? Mkeo yuko nyumbani? Mpigie."

Hapa ndipo mahali ninapopapenda zaidi, na ndipo ninaposhindwa nikihadithia kwa mdomo. Kwetu ilikuwa jioni, kwao asubuhi. Mke wa mjomba ni mtu wa Mombasa, na simu ya nyumbani kwao haina waya, mtu anatembea nayo. Mjomba akaweka simu yetu kwenye spika, juu ya meza ndogo, na Bibi akakaa mbele yake na buibui lake kama mtu aliyekwenda ugenini.

"Haya mke mwanangu," akasema, "nitembeze."

"Mama, niko nje hapa mlangoni. Nafungua." Tukasikia kitasa, kisha mlango, unalia.

"Walia huo. Mafuta hamna?"

"Tutautia, Mama. Sasa hii ndiyo sebule. Zulia jipya, hutasikia nyayo zangu. Kuna dirisha kubwa."

"Gonga."

Akagonga kioo. Bibi akafumba macho. "Endelea."

Akaenda jikoni, akafungua mfereji tukasikia maji yanapiga sinki. Bibi akataka asikie ya moto na ya baridi, ingawa sijui sikio linatofautishaje. Akafungua friji, likanguruma. Akapanda ngazi, na kila kipandio kilikuwa na sauti yake. Kwenye kipandio kimoja mjomba akasema, "Hicho nilikitengeneza mwenyewe," na kweli hicho ndicho kilicholia kuliko vyote. Huko juu mtoto aliyekuwa bado amelala akaamka, akaja kwenye simu akasema "Bibi?" kwa lafudhi ya kule, kisha hakujua aseme nini tena. Bibi naye hakujua. Akamuuliza, "Unalala chumba gani, babu?" Mama yake akamtafsiria, na mtoto akaenda kupiga ukuta wa chumba chake kwa ngumi, mara nyingi, mpaka akakatazwa.

"Nimesikia," Bibi akasema. "Ukuta mzima huo."

Mwisho mke wa mjomba akatoka nje nyuma, tukasikia upepo na mbwa wa jirani.

"Na ule mti mkavu uliokuwa mbele, mliukata?" Bibi akauliza.

"Mti upi, Mama? Ule mkubwa? Hauna ukavu, una majani hadi madirishani. Huwa wapukutika wakati wa baridi tu, kisha warudi."

Bibi akafumbua macho akamtazama mjomba. "Miaka yote hii waniambia nna nyumba, wanificha mti?"

"Mama, sikujua kama…"

"Bei ipande."

"Bei kapima mthamini!"

"Mthamini kauona mti? Mti mzima wa kivuli! Ipande."

Wakabishana mpaka adhana. Baba alikaa pembeni anakula halua na kusema, "Mpe, mpe, utajuta," kama mtu aliyeko mnadani. Mama anamtetea kaka yake, Bibi anamwambia, "Weye si umesamehe? Nyamaza basi." Mwishowe bei ilibaki ile ile ya mthamini, kwa sababu wakili alitaka iwe hiyo, lakini mjomba alilazimika kuongeza, nje ya karatasi, tiketi za watoto kuja Maskati kumwona bibi yao kila wakifunga skuli. Nadhani Bibi aliukumbuka mti mahsusi kwa ajili hiyo. Sina hakika.

Karatasi zilipofika tulimpeleka Bibi kutia saini mbele ya mthibitishaji wa hati. Yule bwana alimuuliza kupitia kwa mjomba kama anauza kwa hiari yake na kama kuna aliyemshurutisha. Bibi akajibu, "Mwambie yeye ndiye aloshurutishwa." Mjomba hakutafsiri yote. Bibi akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, taratibu kama ninavyoandika mimi, akaitazama kalamu, akairudisha. Tukapanda gari kurudi Mawaleh. Nilikaa naye nyuma. Mkono wake ulikuwa baridi, nikaushika. Alikuwa hana nyumba tena.

Duka lilipouzwa na fedha zikaingia, mjomba angali nasi, mtu wa kwanza Bibi aliyemwita ni baba yangu. Akamwambia, "Mkwe wangu, nitafutie nyumba. Ndogo. Kwa jina langu." Baba alihuzunika, akadhani amemkosea. Bibi akamwambia hakumkosea kitu, na kwamba ndiyo maana anamtuma yeye na si mtu mwingine.

Tuliipata Al Amerat, ng'ambo ya milima, kwa familia iliyokuwa ikihamia kubwa zaidi. Vyumba viwili, ua, tangi la maji juu ya paa. Nikahamia naye, na baba akawa anakuja kila Ijumaa kwa ile barabara ya mlimani, anafika analalamika gari linachemka. Siku ya kwanza, kabla hatujafungua hata mfuko mmoja wa vyombo, Bibi alimtuma mjomba dukani akanunue nyundo na misumari. Mjomba akataka kumsaidia, akamkataza. Akapanda kigoda mwenyewe, mimi nimekishika, akapigilia. Wa kwanza ulipinda. Wa pili ukapinda. Alipigilia misumari sehemu nyingi, mingine haikuwa na kazi yoyote, na hakumuuliza mtu. Kisha akatundika picha ya nyumba ya Amerika.

Mjomba akasema, "Mama, hii si umeshaiuza?"

"Nimeuza nyumba. Picha sikuiuza."

Jirani yetu, mzee mstaafu wa serikali, alikuja kutukaribisha na sahani ya tende. Bibi akamuuliza swali lake kabla kahawa haijamiminwa: hapa mtu akifa, serikali yachukua kiasi gani katika nyumba? Yule mzee akashangaa, akasema hapa haichukui kitu. "Na zipo ngapi?" Bibi akauliza. "Serikali? Moja," akajibu. Bibi akamhimidi Mungu, na papo hapo akamwomba awe shahidi wa wasiya mpya, kwa sababu wa zamani ulikuwa umekaa juu ya nyumba isiyo yake tena. Hija ya mama yake haikungoja wasiya. Alimtafuta mtu wa kumhijia, akaitoa mwaka ule ule, yeye mwenyewe yu hai anashuhudia.

Mjomba alirudi kwao. Siku hizi hati ina jina lake, na kwa kuwa ni raia wa kule, serikali kuu inamsamehe kiwango kikubwa. Jimbo lake lina kiwango chake, kidogo kuliko hicho, na kinabadilika, kwa hivyo kila baada ya muda anakaa na wakili kulitazama jambo hilo. Pia ameandika wasiya wake, wa kwetu, pamoja na ule wa kule. Kipandio cha ngazi bado kinalia. Nakisikia kwenye simu.

Yapo mambo bado sijayaelewa. Sijui serikali ikipata fedha ya nyumba ya marehemu huifanyia nini, na kama wale wa jimbo na wale wa nchi nzima huja pamoja au hupishana mlangoni. Sijui kama kuna kina mama wengine, Unguja, Pemba, Mombasa, au hapa hapa ng'ambo ya mlima, ambao majina yao yameandikwa kwenye nyumba za mbali wasizoziona, na watoto wao wanaona haya kuwaambia. Kama wewe unayesoma unaijua habari hii, au imekupata, au unakaa huko na unaweza kunieleza, niandikie, hata mistari michache, na usijali mwandiko. Nitaisoma polepole, kisha nitamsomea Bibi, maana yeye ndiye aliyenituma niulize.